Tundu kwenye Safu ya Tatu

Jumanne saa tatu asubuhi, Bi Lehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyoosha vibati vya rejeta ya lori kwa kisu cha mezani kilichokatika ncha, kazi isiyotaka akili bali subira, ndipo gari la spoti la viti viwili lilipoingia uani likivutwa kwa kamba. Lilikuwa la rangi ya maziwa, boneti ndefu, limetunzwa hadi unaona haya kulisogelea na mikono yenye grisi. Alilijua kabla halijasimama. Mtu mwenye kinyongo cha miaka kumi na miwili hahitaji kusoma namba za gari.

Aliyeshuka alikuwa Mkurugenzi. Enzi zile alikuwa meneja tu. Tangu hapo cheo kimepanda na kitambi kimekifuata. Hakumtambua fundi. Amtambue kwa lipi? Mtenda husahau, jamani. Anayekumbuka ni mtendewa.

"Dada, fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Aa. Haya basi. Linachemka hili. Nikienda kilomita tano tu sindano iko kwenye nyekundu. Nataka rejeta nyingine, na sitaki ya kubahatisha. Jumamosi kuna maonyesho ya magari ya zamani, na majaji wanafungua boneti."

Bi Lehemu alifuta mikono kwa gunia. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna tundu la rejeta lililowahi kuishinda lehemu yake. Alilaza rejeta mbili mezani akazieleza kwa sauti ile ile anayowapa wateja wote. Ya kwanza ni mpya, ya aluminiamu, nyepesi, inapoza vizuri kuliko zote. Lakini vichwa vyake ni vya plastiki, vikipasuka ni vya kutupa, tena ni nene, feni itaigusa. Ya pili ni ya shaba, imetolewa kwenye gari jingine. Ina safu mbili za mirija na injini hii inataka tatu, na mdomo wa mpira wa chini umekaa upande usio wake.

"Hiyo ni suruali ya kuazima," alisema. "Utaivaa, lakini hutakaa."

"Ya asili yenyewe hakuna?"

"Iko moja. Ya gari hili hili."

Akamwonyesha ukutani. Rejeta ilining'inia kwenye msumari, shaba imeota kijani, midomo yake yote imezibwa kwa vizibo vya mpira.

"Kumbe mliitunza!" Mkurugenzi alifurahi kweli. "Si ndiyo ile ya siku ya yule mzee?"

"Yule mzee ni baba yangu."

"Oo. Pole sana. Mzee wa watu alikuwa na haraka mno."

Siku ile Bi Lehemu alikuwa ametumwa dukani kununua lehemu, akarudi akamkuta baba yake amelala chini, mvuke bado unatoka kwenye gari, na meneja amesimama mbali anaangalia kama suti yake imelowa. Walioona yaliyotokea walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa ameungua mdomo na koo. Mkaguzi wa ajali alikuja hospitali siku ya tatu, akamkuta mgonjwa hana sauti na mikono yote iko kwenye bendeji. Akaenda kwa yule mwenye sauti. Taarifa ikaandikwa: Chanzo cha ajali, uzembe wa fundi.

Taarifa hiyo haikulala kwenye faili, heri ingelala. Ilipelekwa chuo cha ufundi ikabandikwa, na kila mwaka wanafunzi wapya huinakili kwenye madaftari chini ya kichwa cha Mambo ya Kuepuka. Wakija kujifunza kwa Bi Lehemu humkariria yeye mwenyewe, kwa heshima zote, habari za mzee mmoja mzembe aliyefungua kifuniko cha rejeta ya moto. Alichotaka Bi Lehemu duniani ni maneno yale yafutwe, na aliyeyasema ayameze. Zipo siku alitaka zaidi ya hapo, na hakuona haya. Alitaka mvuke ule ule umpige mtu yule yule usoni.

Siku ya tisa ya kulazwa, baba alichora mstatili hewani kwa mkono wake uliofungwa. Wakaelewa anataka rejeta ile ya ajali, wakamletea. Katika ukoo ule rejeta hupimwa kwa pumzi ya fundi mwenyewe. Kompresa ina kelele, mzee alikuwa akisema, na sikio la fundi halitaki kelele. Basi akaweka midomo yake iliyoungua kwenye mdomo wa juu wa rejeta, akapuliza, akapuliza tena kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, kisha akaonyesha kwa kidevu kwamba kizibo kifungwe. Bi Lehemu alikifunga. Alidhani maumivu yamemrudisha mzee kazini. Siku mbili baadaye mzee akafariki, na rejeta ikatundikwa.

"Lazima niipime kwanza," alimwambia Mkurugenzi.

Akaishusha, akaizamisha kwenye tangi la maji, akalegeza kizibo cha juu. Mapovu yakapanda, makubwa kwa madogo, na kila povu lilipopasuka lilitoa neno. Ilikuwa sauti ya baba yake, imekwaruzika kidogo kwa kukaa.

"Nilimwambia gari lina moto, tusubiri nusu saa. Akasema ana kikao. Nikasema bosi, nusu saa tu. Akanishika mkono, mkono wangu ukiwa juu ya kifuniko, akauzungusha."

Mama yake Bi Lehemu, aliyekuwa ndani anakunja nguo, akatoka na shati mkononi.

"Mwenzangu, sauti imekukauka hivyo," alisema. "Dawa ulikunywa?"

Mapovu yalitulia kidogo, kisha yakaanza tena upya, kuanzia nusu saa hadi mkono kuzungushwa, neno kwa neno. Bi Lehemu alikaza kizibo akamgeukia Mkurugenzi.

"Umesikia?"

"Nimesikia." Mkurugenzi aliangalia saa yake. "Wagonjwa husema mengi. Mimi ninachotaka kujua, inavuja?"

Povu moja la mwisho, lililokuwa limekwama kwenye vibati, likapanda. "Safu ya tatu, chini kushoto, kuna kitundu cha sindano," ilisema sauti. "Kizibwe."

"Ahaa, kumbe kidogo tu. Basi kizibe, nakuja kulichukua Alhamisi."

Jumatano Bi Lehemu aliibeba rejeta kichwani hadi ofisi ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa yule yule, sasa ana miwani na chumba chake peke yake. Alileta beseni la maji kwa mkono wake mwenyewe, akasikiliza ushahidi wote mara mbili huku kalamu iko tayari.

"Shikamoo, mzee," aliliambia beseni, kisha akamgeukia Bi Lehemu. "Sauti ni yake, sina ubishi. Na maelezo yamenyooka kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye sehemu ya majeruhi niliandika hakuweza kuzungumza, na kweli hakuweza. Sasa nifute kitu cha kweli?"

"Andika kwamba sasa anaweza."

"Sasa ni marehemu, dada yangu. Fomu ya marehemu inauliza alikufa lini na azikwe na nani. Haiulizi anasemaje."

Bi Lehemu alimtolea neno ambalo mama yake hakumfundisha, akajitwika rejeta yake, akaondoka.

Alasiri hiyo aliwasha moto, akachovya kipande cha chuma kwenye dawa ya kulehemia, akaanza kazi. Alisugua kijani chote hadi shaba ikang'aa, akalehemu vishikio vilivyolegea, akanyoosha vibati kimoja kimoja. Akafika safu ya tatu, chini kushoto. Tundu lilikuwa pale pale liliposemwa. Alilitazama, akakiweka chuma chini.

Fundi wa ukoo ule hajawahi kuacha tundu alilolijua. Yeye aliliacha. Alitaka gari lipungukiwe maji taratibu, lichemke njiani, na mwenye vikao ashuke na haraka zake akifungue kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, bila kuwa na mkono wa mtu mwingine wa kuweka katikati. Aliliwaza hilo kwa utamu, kama mtu anayewaza chakula.

"Mwanangu," alisema mama yake mlangoni, "baba yako kasema kizibwe."

"Nimesikia, mama."

"Hujaziba."

"Sijaziba."

Mama akarudi kukunja nguo.

Rejeta ilifungwa, vizibo vikatolewa, maji yakajazwa, na pumzi ya mzee ikaingia kwenye mzunguko pamoja na maji. Alhamisi Mkurugenzi alilichukua gari, akasifu kazi. Jumamosi Bi Lehemu alivaa gauni lake zuri akaenda kwenye maonyesho. Alijipenyeza hadi mbele. Magari yalizungushwa uwanjani mara tatu, na mara ya tatu sindano ya gari la rangi ya maziwa ikagusa nyekundu mbele kabisa ya meza ya majaji. Boneti ikafunguliwa. Mvuke mwembamba ukatoka safu ya tatu, chini kushoto, na mzee akasema yote, mbele za watu, tangu nusu saa hadi mkono kuzungushwa. Hakusahau na la kitundu.

Watu walisikiliza kwa adabu. "Masikini, kumbe alishikwa mkono," alisema mwanamke mmoja, akampa mwenzake simu ampige picha pembeni ya gari. Jaji mmoja aliuliza kama sauti ile gari lilitoka nayo kiwandani. Mkurugenzi akasema hapana, ni ya fundi wa zamani. Majaji wakanong'ona. Rejeta ni ya kwanza, na fundi ni wa kwanza. Walikuwa hawajawahi kuona asili iliyokamilika namna ile. Wakampa kombe.

Bi Lehemu hakuangalia kombe. Alikuwa anaangalia mikono. Mikono ya Mkurugenzi haikukisogelea kifuniko hata mara moja.

Tangu hapo gari lilipata jina, na Mkurugenzi akawa anatoka nalo kila siku baada ya kazi. Ofisi yake iko kilomita tano kutoka karakana ya Bi Lehemu, kwa hiyo kila siku saa kumi na nusu linachemkia pale pale, nje ya lango. Bi Lehemu aliomba kuliziba lile tundu. Mkurugenzi akakataa katakata: majaji walishaandika rejeta ilivyo, ikiguswa inapoteza alama. Mama naye hakutaka liguswe. Kila saa kumi na nusu hutoka na kiti chake, akakaa karibu na boneti, akamsimulia mumewe habari za siku nzima, na mume humjibu kwamba alimwambia bosi wasubiri.

Wapita njia nao husikia, na wanachokishika ni kile cha mwisho, cha kitundu. Wateja wakaanza kupungua. Bi Lehemu anaacha matundu, walisema, hata babake mzazi anamwambia. Muhula uliofuata wanafunzi wa chuo walikuja kama kawaida, na kwenye madaftari yao, chini ya Mambo ya Kuepuka, habari za mzee zilikuwa pale pale, na chini yake palikuwa na mfano wa pili, wa fundi aliyeacha tundu alilolijua. Walimsomea. Safari hii maneno yalikuwa ya kweli.

Siku hiyo gari lilipochemka alitoka mwenyewe hadi langoni, kitambaa cha kazi mkononi. Mkurugenzi alikuwa ameshashuka, amekunjua kiti chake cha safari kivulini, ana gazeti. Fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa akipita alisogea kusaidia, akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"We! Usiguse!" Mkurugenzi aliruka akamshika mkono, akauondoa taratibu. "Kina moto hicho, utaungua bure. Hiki kinasubiriwa nusu saa."

Bi Lehemu aliutazama mkono ule uliookolewa hadi mwenyewe alipoondoka na baiskeli yake.

"Siku hizi huna vikao?" aliuliza.

"Ninavyo, tena vingi. Vitanisubiri." Mkurugenzi alikaa, akakunjua gazeti. "Haraka haraka haina baraka, dada."

Mama alisogeza kiti chake karibu zaidi na boneti. Mkurugenzi akafungua ukurasa wa michezo. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na sita.