Simu ya Chumba cha Madereva

Siku ya kwanza Bochaberi alipofika kituoni, Ogari hakumjibu salamu. Alimwacha asimame mlangoni na begi la vifaa begani mpaka alipomaliza chai yake, kisha akauliza bila kugeuza shingo:

"Wewe ndiye umetumwa na yule Mhindi?"

"Nimetumwa na kampuni, tata."

Alimwita tata, yaani baba, kwa sababu ndivyo mtoto wa Kisii aliyelelewa vizuri anavyomwita mwanamume mwenye mvi. Ogari yeye alimwita msichana, na akaendelea kumwita hivyo hata alipoambiwa kwamba msichana huyo ana mume, watoto na nyumba Nyanchwa, mjini Kisii. Tena alimsemesha Kiswahili. Wote wawili walinyonya Ekegusii pamoja na maziwa ya mama, lakini Ogari alimchagulia lugha ya kusemea na wageni, na Bochaberi akaelewa kwamba hilo lilikuwa tusi.

Kituo kilikuwa cha ambulensi, nyumba ya matofali juu ya mgongo wa kilima cha Manga, upande wa Nyamira. Kilianzishwa na kikundi cha akina mama waliochoka kuzika mabinti waliofia njiani wakienda kujifungua. Kilikuwa na gari moja, madereva wawili wa zamu, na nambari moja ya simu ambayo kila nyumba ya mtelemko ule iliijua. Mtu akipiga, simu iliingia kwenye seva ya sauti, mashine nyeusi ndani ya kabati la chuma. Mashine hiyo ndiyo iliyopokea, ikarekodi mazungumzo na kumpitishia Ogari, mkuu wa chumba cha simu. Ogari akisikia ni dharura alibonyeza kitufe, na simu ya mezani ikalia katika chumba cha madereva kando ya lango.

Bochaberi alikuja kuiwekea mashine hiyo mambo mawili. La kwanza, ifuatiliwe kutoka mbali: kila dakika itume habari fupi mjini Kisii, kwamba iko hai, ina joto kiasi gani, laini ngapi zinatumika, simu gani ya ndani imeinuliwa. La pili, nakala rudufu: kila usiku mipangilio na rekodi zote zinakiliwe na kupelekwa Kisii, ili mashine ikifa, kituo kisife nayo.

"Sasa hii kamba yenu ya kwenda Kisii inasikia nini?" Ogari aliuliza.

"Haisikii kitu, tata. Inatazama tu kama mashine inafanya kazi."

"Na rekodi? Haziendi?"

"Zinaenda, lakini zimefungwa. Bila ufunguo hakuna wa kuzisikiliza."

"Na ufunguo anao nani?"

Bochaberi alisita. Ufunguo alikuwa nao yeye, na Lalit, mwenye kampuni.

"Basi," Ogari akasema. "Mwanamke akilia kwenye simu hii, hiyo ni siri ya nyumba yake. Haiendi kukaa dukani kwa mtu."

Lilikuwa neno zito, na siku nyingine Bochaberi angelipima. Lakini alikuwa amechoka, na alichosikia kilikuwa sauti ya mtu mvivu anayeogopa kuonekana. Alimwomba neno la siri la seva. Ogari akampa la uongo. Alipomwambia halifungui, akampa la pili, la uongo pia, mpaka mashine ikajifunga yenyewe ikakataa kujaribiwa tena.

"Nimesahau," alisema. "Mimi ni mzee."

Bochaberi akampigia Nyanchera, muuguzi mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Nyanchera alikuja kwa miguu, gambuti zimejaa tope, akasimama mbele ya meza ya mzee. Ogari akakumbuka neno la siri pale pale.

Kazi iliyobaki ilifanyika kwa meno kukerezana. Bochaberi akiinama kwenye kabati, Ogari alizima swichi ya ukutani akidai anachomeka birika. Bochaberi alipotoka kidogo, alirudi akakuta kiti chake kimepelekwa nje. Duke, dereva wa zamu, alipochungulia, Ogari alimwambia kwa Ekegusii, kana kwamba Bochaberi ni kiziwi, kwamba wake wa mjini hulipwa kuchungulia madirishani. Duke alicheka. Jioni Bochaberi alifunga begi lake, na alipokuwa nyuma ya boda boda akiteremka kilima aliapa kwamba yule mzee akizama mtoni, hatamtupia hata unyasi.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha asubuhi moja, ofisini Kisii, aliona kwamba nakala za usiku hazikufika. Habari za kila dakika zilikuwa zikija kama kawaida. Rekodi ndizo zilizokauka. Akapiga simu.

"Nimezima," Ogari alijibu.

"Huna ruhusa ya kuzima, tata."

"Na wewe huna ruhusa ya kubeba sauti za watu. Tuache kamati ya kikundi iseme."

Bochaberi alimweleza Nyanchera. Nyanchera akasema kamati itakaa, wavumiliane. Kamati haikukaa, kulikuwa na matanga, halafu harambee, halafu msimu wa kuchuma chai ukapamba moto. Bochaberi angeweza kusukuma. Hakusukuma. Alisema moyoni, acha ateleze mwenyewe, nitakuwepo kumwona akianguka.

Mvua ile ilinyesha alasiri ya siku ya soko. Milima ya Kisii inajulikana kwa radi, lakini hiyo ilikuwa na kisirani chake. Hata mjini watu walijikunyata vibarazani wakiziba masikio. Bochaberi alikuwa mbele ya skrini wakati alama ya kituo cha Manga ilipobadilika kuwa nyekundu. Alisubiri. Haikurudi.

Kesho yake alipofika, alipokelewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Radi ilipiga nguzo ya stima, ikaingia kwa waya, ikachoma seva na diski zake zote. Bochaberi akatoa mashine ya akiba aliyokuja nayo, akairudishia mipangilio kutoka kwenye nakala ya mwisho iliyofika Kisii, na kabla ya saa sita mchana nambari ya dharura ilikuwa ikilia tena. Lakini kila kilichorekodiwa tangu Ogari azime nakala kilikuwa kimekwenda na moshi.

Alikuwa akifunga kabati alipomsikia mkazi mmoja wa mtelemko ule, Machogu.

Machogu hakupiga kelele. Aliingia kutoka kwenye manyunyu na kaka zake watatu, koti la mvua bado liko mwilini, akasimama mbele ya Ogari. Jana yake, mvua ikianza, mkewe Bitutu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Machogu alipiga nambari ya kituo mwenyewe. Akaambiwa gari linakuja. Wakangoja. Gari halikuja. Walipokata tamaa wakamweka Bitutu kwenye machela, wakaanza kupanda njia ya miguu, na mtoto akazaliwa njiani kwenye mvua. Mtoto hakulia hata mara moja.

"Ulisema linakuja," Machogu alisema. "Nataka kujua kama ulimwambia mtu, au uliweka simu chini ukaendelea na chai yako."

"Nilimwambia Duke," Ogari alijibu. "Nilibonyeza, akashika, nikamwambia nyumba na njia. Muulizeni."

Duke aliitwa. Alisimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi, macho sakafuni.

"Simu haikulia," alisema. "Labda ni hiyo radi ilikuwa imeharibu."

"Radi ilipiga baadaye."

"Mimi najua yangu, mzee. Haikulia."

Nyanchera, aliyefika nyuma ya akina Machogu, akamgeukia Bochaberi. "Si mashine hii hurekodi kila kitu?"

"Diski zimeungua, mama. Na nakala hazikuwa zikija. Zilizimwa."

"Zilizimwa na nani?"

Bochaberi aligeuka. Alimtazama Ogari, na chumba kizima kikamfuata kwa macho. Kitu kama utamu kilimpita kooni. Kaka mmoja wa Machogu akasema mtu hafungi macho ya mashine kama hana la kuficha.

"Ni huyu," Ogari alisema, akimnyooshea Bochaberi kidole. "Waya zake ndizo zilileta radi. Ameunguza, sasa ananisingizia."

Nyanchera alimsimamisha kazi hapo hapo. Ogari alichukua kofia yake na kikombe chake, akapita katikati ya wanaume wale, na mmoja wao akatema mate karibu na kiatu chake. Bochaberi alitazama. Alikuwa ametamani kumwona akianguka, na sasa alikuwa amemwona.

Siku iliyofuata Lalit alitaka ripoti ya mashine iliyoungua, maana kampuni ya bima ilikuwa inauliza. Bochaberi akafungua habari za kila dakika zilizotumwa kabla ya radi, ajue stima iliyumba saa ngapi. Stima ilikuwa imetulia mpaka mwisho. Chini yake kulikuwa na mistari ya simu za ndani, ambayo hakuwa na haja nayo. Aliitazama tu kwa sababu ilikuwa mbele yake.

Laini ya nje iliingia mvua ilipokuwa imeanza: huyo alikuwa Machogu. Ogari akainua simu yake. Mara tu laini ya nje ilipokatika, simu ya chumba cha madereva ikainuliwa, ikabaki juu muda wa kutosha mtu kuelezwa nyumba na njia, kisha ikarudishwa chini. Radi ilikuja muda mrefu baadaye.

Akaisoma upya, polepole. Kisha akamwonyesha Lalit.

Lalit aliivuta miwani yake mpaka ncha ya pua. "Nani ameomba hii?"

"Hakuna."

"Basi usipeleke. Sisi tumeuza mashine, Bochaberi, hatujauza ushahidi. Leo unamsaidia yule mzee, kesho kila dereva na kila karani atasema duka la Lalit linamchunguza. Halafu huyo mzee, si ndiye alikutolea kiti nje?"

"Ni yeye."

Alitembea kwenda nyumbani Nyanchwa siku hiyo, akakataa boda boda zote. Alijaribu kumhurumia Ogari, akashindwa kabisa. Alichokiona kila alipofumba macho kilikuwa koti la mvua la Machogu, maji yakimdondoka juu ya sakafu ya saruji. Mtu yule alikuwa amefiwa na mtoto, na chuki yake yote alikuwa ameiweka kwa mtu asiyehusika. Alistahili angalau kujua amchukie nani. Asubuhi alichapisha ule ukurasa, akapanda Manga bila kumuaga Lalit.

Nyanchera aliwakusanya wote kituoni. Ogari alikuja amevaa suti ya kanisani, akakaa mbali na kila mtu. Bochaberi alieleza kwa maneno machache, kidole juu ya mstari mmoja baada ya mwingine.

"Kuinuliwa si kusema," Duke alisema haraka. "Hiyo karatasi haijui niliambiwa nini."

"Haijui," Bochaberi alikubali. "Lakini ulisema haikulia."

Duke aligeukia mlango. Mvua nyepesi ilikuwa ikigonga mabati. Hatimaye akakaa kwenye benchi.

"Barabara ilikuwa mto," alisema. "Wiki iliyopita gari karibu linitupe bondeni pale pale. Nikasema ngoja mvua ipungue kidogo, nitatoka. Haikupungua. Halafu radi ikapiga, na nikaona muda umepita, nikaogopa."

Machogu alimgeukia. Kaka zake waliinuka, naye akawazuia kwa mkono.

"Ungesema hutoki," alimwambia Duke. "Tulikuwa wanaume wanne pale nyumbani. Ungesema tu hutoki, tungembeba mapema."

Machogu alitoka, na walimsikia akiteremka ile njia ya miguu, kaka zake nyuma yake. Nyanchera alinyoosha mkono kwa Duke, naye akamkabidhi funguo za gari.

Bochaberi alimkuta Ogari uani, chini ya ukingo wa paa. Hakutarajia shukrani, lakini pia hakutarajia alichokikuta usoni mwake.

"Kwa hivyo huko Kisii ulikuwa unaona simu ikiinuliwa," Ogari alisema.

"Ndiyo, tata."

"Na mimi nikiinua yangu, unaona?"

"Naona."

"Nikikaa bila kuinua, unaona?"

"Naona."

"Nilisema." Sauti yake ilikuwa tulivu, na ubaridi wake ulizidi kelele zote za mwanzo. "Nilisema mnatuchungulia, mkaniita mzee mjinga. Ulisema inatazama mashine."

"Hiyo ndiyo imekusafisha."

"Sikukuomba unisafishe. Nilikuomba usinitazame."

Bochaberi alipandisha sauti. "Ungeacha nakala zije, rekodi ingekuwepo, wasingekutemea mate. Ulijifunga kamba mwenyewe."

"Na wewe ulikaa kimya nikijifunga," Ogari alisema. "Unafikiri sikujua?"

Bochaberi akaingia ndani kumalizia kazi.

Kamati ilikaa safari hiyo, tena haraka. Waliamua nakala zirudi, ila ufunguo wa rekodi ukae kwa Nyanchera peke yake, wala si dukani mjini. Lalit alinung'unika, akakubali. Bochaberi alijua fika hoja hiyo imetoka kwa nani, na ilimkera kuona kwamba ilikuwa ya haki. Ogari alirudishiwa kiti chake. Alikikalia mpaka mwisho wa mwezi, akamfundisha mwanamke mmoja wa kikundi kupokea simu, kisha akaaga kwenda kwenye shamba lake la chai. Alimwambia Nyanchera hawezi kufanya kazi mahali ambapo hata kunyamaza kwake kunahesabiwa.

Walikutana mara moja tu baada ya hapo, mjini Kisii, mbele ya duka la mbolea. Bochaberi ndiye aliyemwona kwanza, akamsalimu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumpita mtu mzima. Ogari alimtazama usoni, akahamisha gunia kwenye bega la pili, akavuka barabara.

Mtu aliyesimama kando ya Bochaberi akamuuliza kama anamjua yule mzee.

"Namjua," Bochaberi alisema, akaendelea na safari yake ya ofisini. Hasira ilimwongezea mwendo, akafika kabla ya wenzake, akafungua mlango na kuwasha skrini.