Madobi wa 5.3.1.1

Jumanne asubuhi mchapaji wa hospitali alifungua dirisha la ofisi yake, akapuliza vumbi kwenye kibodi, akaanza kuchapa muundo mpya wa hospitali. Mkurugenzi alikuwa ameuandika kwa wino wa kijani, kwa mwandiko mzuri sana, ila haukusomeka. Alitaka kila idara ipewe namba. Kilicho chini ya idara kiingizwe ndani kidogo, upande wa kulia, kiwe na namba yake. Na kilicho chini ya hicho kiingie ndani zaidi, hivyo hivyo mpaka ngazi ya nne.

Barua mchapaji aliweza kuichapa huku akizungumza na mtu mlangoni. Namba za ngazi ndizo zilizokuwa zikimtoa jasho.

Zamani madobi walikuwa 2.4, chini ya Huduma za Wagonjwa, wakiwafuata madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Kwenye karatasi ya mkurugenzi sasa walikuwa 5.3.1.1: Mali na Vifaa, kisha Vifaa vya Nguo, kisha Mashine ya Kufulia, na chini ya mashine, Madobi. Mchapaji alirudia kuisoma, akidhani ni ule mwandiko. Haukuwa mwandiko.

Mmoja wa madobi hao alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Jana yake Mama Mdogo alikuwa akikung'uta shuka za wodini, sindano iliyosahauliwa kwenye mkunjo ikamchoma kidole. Dawa ya kukinga maradhi ilitakiwa ianzwe ndani ya siku tatu. Dawa ilikuwepo, kwenye dirisha la muuguzi, kwa wafanyakazi wote wa namba mbili. Mama Mdogo alipokwenda kuiomba aliambiwa akaonane na mkurugenzi, na mkurugenzi akamwambia avute subira, muundo mpya unakuja.

Mchapaji akabonyeza kitufe cha kuingiza mstari wa madobi ndani. Badala ya 5.3.1.1, ikaja 1. Akafuta. Ikaja 2.1.1, na madaktari wakageuka kuwa herufi a. Akafuta tena, mochwari ikaingia chini ya jiko. Alipobonyeza mara nyingine, mstari wa madobi ulirukia ukingo wa kushoto, ukapanda juu kabisa ya ukurasa na kukaa pale, namba moja, penye Ofisi ya Mkurugenzi.

Simu ya mezani ikalia.

Mkurugenzi alisema kwamba madobi wote sita walikuwa wamesimama ofisini kwake na shuka mbichi mikononi, na maji yalikuwa yanaingia kwenye zulia. Alikuwa ameshaondoa mafaili yake sakafuni. Alitaka kujua tu kama jambo hilo litachukua muda mrefu.

"Namba zimeanza upya, mkurugenzi," mchapaji alisema.

"Basi ziendeleze, dada."

Akaziendeleza, na madobi wakarudi kwenye mabeseni yao. Zulia ndilo lililobaki na maji.

Fundi wa kompyuta alitumwa aje amsaidie. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyeanza kazi kabla ya chai. Alitazama ukurasa, akamweleza kwamba tatizo ni kuchanganya: namba nyingine kaziandika kwa mkono, nyingine kaiachia mashine, na hizo mbili haziivi chungu kimoja. Kila ngazi lazima ielezwe mapema inamfuata nani na inaingia ndani kiasi gani. Ukishaifunga hivyo, alisema, haikimbii tena.

Mchapaji alijifunza. Kufikia saa ya chakula cha mchana ukurasa mzima ulikuwa umesimama sawasawa, namba chini ya namba, na yeye akautazama kwa furaha kama mtu anavyotazama nguo aliyoipiga pasi mwenyewe. Akauchapisha. Mkurugenzi akatia saini.

Jioni Mama Mdogo alirudi nyumbani, akaitikia shikamoo ya mwanawe, akaketi kula. Aliketi kulia kwa kiti, hewani, kimo kile kile cha kiti, na hapakuwa na dalili kwamba angeanguka. Mchapaji akamsogezea sahani.

Mama Mdogo alieleza kwamba tangu mchana wote sita wako hivyo. Mtu anaulenga mlango, anafikia ukutani. Bega lilikuwa limevimba. Alikuwa amekwenda tena kwenye dirisha la dawa. Muuguzi alikuwa mwema, alinyoosha mkono na vidonge, lakini kila Mama Mdogo alipolikaribia dirisha alijikuta mbele ya ukuta, kulia kwake. Muuguzi akatoka nje amfuate. Alivyosogea, na Mama Mdogo akawa amesogea. Walizunguka jengo hivyo mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Mchapaji aliuliza kama kidole kinauma.

"Kidole hakiumi, mwanangu. Naogopa hicho kisichouma."

Mchapaji alikumbuka jinsi alivyoufurahia ukurasa ule, na chakula kikamshinda.

Asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi kabla hata hajawasha kompyuta. Alimwomba mstari mmoja tu urudishwe ngazi ya pili. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti. Alimweleza kwamba glavu, chanjo na dawa hutolewa kwa kufuata namba. Madobi wakipanda leo, kesho watapanda wafagiaji, keshokutwa wapishi, na hapo namba mbili itajaa.

"Sina ubaya na mtu, dada," alisema. "Ni mpangilio tu."

Mchapaji alishukuru, akarudi mezani kwake. Akaupeleka mshale mbele ya neno Madobi, akafungua mafundo yote aliyofundishwa na fundi, akachagua kuanza upya kwa moja.

Madobi sita wakasimama tena ofisini kwa mkurugenzi, safari hii mikono mitupu, kwa kuwa maji yalikuwa bado hayajapata moto. Namba moja huwa hapangi foleni. Muuguzi mwenyewe alikuja na sinia, juu yake glasi ya maji na vidonge vya kumaliza matibabu yote, akabisha hodi na kuuliza mhusika ni nani. Mama Mdogo akameza cha kwanza pale pale, vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la aproni. Mkurugenzi, aliyekuwa amesogea pembeni kidogo kuwapisha, alimuuliza kama shuka za wodi ya wazazi zimeshakauka. Mama Mdogo akamjibu kwamba bado, kulikuwa na mawingu.

Kisha mkurugenzi akampigia simu fundi. Fundi alikuja, akazirudisha namba mahali pake, akalifunga faili kwa neno la siri, lisomeke tu lisibadilishwe. Alifanya kazi hiyo bila kumtazama mchapaji usoni, na chai aliyowekewa hakuigusa.

Mambo yakatulia. Mama Mdogo alimaliza vidonge vyake, akapimwa, akaonekana mzima. Alibaki kulia kwa kila kitu, na nyumbani wakazoea. Hospitalini seremala alipanua milango ya kufulia upande wa kulia ili madobi wasiumie mabega. Kwenye kikao cha wafanyakazi mkurugenzi alishukuriwa kwa hilo, na watu wakapiga makofi. Glavu ziliendelea kununuliwa kwa namba mbili.

Mvua zilipoanza, dobi mdogo kuliko wote aliingia kwa mchapaji saa za kazi. Alisimama kulia kwa meza, uso ukielekea kabati, kidole chake kimefungwa kitambaa. Alisema ni sindano, leo asubuhi, kwenye foronya. Alisema amesikia kwamba hapa mtu husaidiwa.

Mchapaji alifungua faili. Akaupeleka mshale kwenye mstari, akabonyeza, akabonyeza tena. Mstari haukusogea.

Dobi alisubiri, akilitazama kabati kwa adabu kana kwamba ndilo linalozungumza naye.

"Mimi sina haraka, dada," alisema. "Niambie tu nisimame wapi."