Neti Mnafunga Wapi

Shemeji yangu Ansbert alichagua feni kama anavyochagua viatu: kwa kuangalia inavyong'aa. Alisimama katikati ya duka la vifaa vya umeme pale Kimara Mwisho, akaielekezea simu feni moja ya rangi ya dhahabu, yenye taa sita na mapanga yanayojikunja ikizimwa. Akawa anajirekodi huku amenyanyua visigino ili naye aonekane.

"Vitu kama hivi ndivyo vinavyokaa chumbani kwa mtu anayejiheshimu," aliiambia simu.

Nilikuwa nyuma yake, mikono nimeikunja. Nilimfuata kwa sababu moja tu. Dada yangu Sekela, mke wake, ana mimba ya miezi saba, na ilikuwa Februari, joto limejaa mpaka kwenye mito. Wiki tatu mfululizo alikuwa akitoka chumbani kwenda kulala kwenye vigae vya korido. Jumatano alimwambia mumewe kwamba ikifika Jumamosi jioni chumba hakina feni, anakwenda kujifungulia kwa mama, Segerea. Ansbert akacheka. Mtu mwenye akili asingecheka. Dada yangu akipaza sauti, ujue bado anabembeleza. Akisema taratibu, ameshafunga begi. Na Jumamosi ile asubuhi nililikuta begi limesimama mlangoni.

"Shemeji, hiyo inatoa upepo kweli?" nikamuuliza.

"Wewe umepanga chumba kimoja Tandika, juu bati tupu. Ishu za dari ya jipsamu utazijulia wapi, dogo? Tulia ujifunze."

Nikatulia. Si kwa heshima. Nilitaka kuona ujinga ukiachwa utembee wenyewe unafika wapi.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, Mama Eufrazia, miwani imening'inia kifuani. Nilimwamkia, akaitikia. Ansbert hakuwa amemsalimia, alikuwa bado anazungumza na simu yake.

"Ya sebuleni au ya chumbani, baba?" Mama Eufrazia akamuuliza.

"Chumbani. Masta."

"Neti mnafunga wapi?"

Ansbert akashusha simu. "Neti?"

"Chandarua. Kinaning'inia katikati ya dari, au kina fito zake kitandani?"

Mtoto wa chekechea angejibu swali lile huku anakula ubuyu. Ansbert aliinua macho akakagua dari ya duka, kana kwamba jibu limebandikwa kule. Akasema ipo pembeni. Halafu akasema, nadhani juu. Halafu akasema inategemea na siku.

Hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo Sekela alikuwa akimfichia mumewe. Nyumba ile ilikuwa na feni moja tu, ya kusimama, na ilikaa sebuleni ikitazama sofa. Nilidhani Ansbert anapitiwa na usingizi pale kwa ajili ya mpira. Kumbe bwana mkubwa alikuwa amehamia. Mkewe anaungua chumbani na mtoto wake tumboni, yeye analala kwenye upepo mdomo wazi.

"Mpigie mkeo," alisema Mama Eufrazia.

Akapiga. Nilinyoosha kidole nikabonyeza spika. Sikuomba ruhusa.

"Mke wangu, eti neti yetu ipo wapi?"

Tulisikia maji yakitiririka bombani, kisha bomba likafungwa.

"Katikati ya dari, juu ya kitanda. Ipo pale tangu Krismasi. Si unaniachaga nalala mwenyewe, utaiona saa ngapi?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua balbu akaacha kuchagua.

"Huyo mama anayeuza yupo hapo?" Sekela akauliza. "Mpe simu."

Wanawake wale wawili, ambao hawajawahi kuonana, walimaliza kwa dakika mbili. Mama Eufrazia alimweleza kwamba ile ya dhahabu ni pambo la sebule, mapanga yake mafupi, upepo wake haupenyi kwenye neti. Pia neti ikibaki pale katikati, feni yoyote itaisokota. Achukue pangaboi nyeupe ya mapanga matatu marefu ya chuma, na neti ya pembe nne yenye fito za kitandani. Fundi aifunge feni kwenye mbao za kenchi, zile zinazoshika paa, asithubutu kuining'iniza kwenye jipsamu. Sekela akasema ndiyo, ndiyo, hata ikiwa ya kijani.

"Lakini hii si kama ya darasani?" Ansbert alinung'unika.

"Wanafunzi wanapata upepo," alisema Mama Eufrazia, akavaa miwani na kuanza kuandika risiti.

Saa kumi jioni fundi alikuwa ameshaondoka. Sekela alijilaza ubavu ndani ya neti mpya, kanga inapepea miguuni, macho ameyafumba. Ansbert akatokea na mto wake kwapani, amevua viatu.

"Sofa imekukosea nini?" Sekela akamuuliza, macho bado ameyafumba.

Ansbert akajaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia. Akageuka na mto wake, na mimi nilikuwa nimeegemea mlango, meno yote nje.

"Na wewe Tusa, unachekelea nini?" Sekela akafumbua jicho moja, akanitazama. "Wiki tatu unakuja hapa unakula, unaniona naburuza mto koridoni. Ile feni ya sebuleni ilikuwa nzito kunihamishia? Mpigie mama, mwambie siji. Na ufunge mlango."

Nilifunga mlango, nikaenda kusimama uani, nikapiga Segerea.

Mama alimshukuru Mungu, kisha akauliza kama mkwe wake ndiye aliyechagua hiyo feni.

"Alibeba boksi, mama," nikamwambia.