Mole ya Mtu Mmoja

Don Erasmo Tecuapetla hakuwa mtu wa kuomba. Miaka arobaini alishona viatu pale Puebla, Meksiko, na mteja aliyemletea maneno mengi aliambiwa abebe kiatu chake na mguu wake atafute fundi mwingine. Lakini Jumatano ile alisimama mlangoni mwa jiko la Doña Herminia, kofia mkononi, chungu kidogo kimefungwa kwa kitambaa kwapani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Doña Herminia, nina kazi yako kesho. Ndogo tu."

"Sema upesi, Don Erasmo, vitunguu vinaniungulia."

Akafungua kitambaa. Ndani ya chungu kulikuwa na donge jeusi, halizidi ngumi ya mtoto. Ilikuwa mole kavu, ile iliyokwisha kusagwa pilipili zake, lozi zake, ufuta na chokoleti, ikakaangwa kwa mafuta ya nguruwe mpaka ikashikamana, ikawa inasubiri supu ya kuku tu iyeyuke iwe mchuzi. Ukiitunza vizuri inakaa, haiozi. Aliyeisaga alikuwa Otilia, mke wa Don Erasmo, wiki tatu kabla hajafariki. Tangu alipozikwa, mumewe hakuigusa hata kwa ncha ya kisu.

"Kesho anatimiza miaka miwili," akasema.

Doña Herminia akapunguza moto. Mgahawa wake ulikuwa na meza saba na jiko moja, na kwa kawaida hakupunguzia mtu moto. Akajifuta mikono, akakiinamia chungu, akanusa.

"Maskini Otilia. Alikuwa na mkono, yule. Basi sikiliza. Kesho ni Alhamisi, siku ya mole hapa kwangu. Donge hili nalitia kwenye sufuria kubwa pamoja na la kwangu, na kila atakayekaa mezani atakula kwa jina lake. Tutamwombea, tutakula, watu watashiba. Umeridhika?"

"Hapana. Isichanganywe. Nataka sahani moja tu, yangu mimi."

Doña Herminia akamtazama kana kwamba ameambiwa apike mawe.

"Mole ya mtu mmoja? Ala! Nina miaka sitini na mmoja, Don Erasmo, na sijaona mole ya mtu mmoja. Mole ni ya arusi. Ni ya ubatizo, ni ya matanga. Siku ya kumkumbuka marehemu watu wanaitwa, wanakula mpaka wanafungashiwa. Wewe unataka ujifiche nayo ule kama mwizi?"

"Na nijifiche."

"Watu watasema una roho ya korosho."

"Na waseme!" Kisha sauti ikamshuka. "Doña Herminia, nisikilize. Nguo zake dada yake alizichukua zote. Sauti yake imeniponyoka. Nalala nikiitafuta siipati. Picha ninazo, lakini picha nimezitazama mpaka haziniambii kitu. Kilichobaki ni hiki hapa. Nikikitia mdomoni nitakuwa naye, hata kama ni kwa dakika kumi. Ningepika mwenyewe, lakini unajua hata maharagwe yananishinda. Nikikosea maji, basi, nimempoteza."

Mama yule alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa na moyo wa jiwe. Aligeuza vitunguu vyake, akameza alichotaka kusema.

"Haya," akasema kwa shingo upande. "Sahani moja. Sichanganyi. Nakuapia kwa Bikira."

Usiniulize kama mzee alilala. Asubuhi alinyoa ndevu mara mbili. Hakunywa kahawa, hakula mkate, hakutafuna hata punje ya karanga, ili ulimi wake uwe safi. Alivaa koti jeusi alilomzikia mkewe, bado linanuka dawa ya nondo, na saa tisa kamili, saa yake ya kula pale kila siku tangu awe mjane, akaingia mgahawani.

"Kuleni kwa afya, mabwana," akasema, kama anavyosema kila mtu anayeingia pale.

"Ahsante, Don, karibu," wakajibu wa meza zote.

Meza ya jirani walikuwapo waashi wanne, saruji mpaka kwenye kope, wamejaza sahani za mole ya nyumba na wanaipangusa kwa tortila, zile chapati za mahindi. Mkubwa wao, Fundi Nabor, alipoliona lile koti hakuweza kujizuia.

"Don Erasmo! Suti hiyo, unaoa au unashtakiwa?"

"Anaoa," akadakia mmoja wao, Wenceslao, pande la mtu mwenye masharubu. "Angalia alivyonyoa. Kuna mjane mahali fulani halali!"

Wakacheka, na kicheko chao hakikuwa na ubaya wowote. Don Erasmo hakucheka. Alikaa, akaikataa supu, akaukataa wali, akaweka mikono juu ya meza akasubiri. Moyo ulikuwa unamdunda hata akaona haya, mzee wa miaka sabini na mbili.

Doña Herminia akatoka jikoni mwenyewe. Hilo peke yake liliwanyamazisha waashi, maana mama yule hakuwa akitoka jikoni hata akija askofu. Akaweka sahani mbele ya mzee: paja la kuku lililofunikwa na mchuzi mweusi, ufuta umenyunyizwa juu, na tortila za moto ndani ya kitambaa. Akarudi hatua mbili, akakunja mikono juu ya aproni.

Don Erasmo akafanya ishara ya msalaba. Akachana tortila, akachota, akatia mdomoni, akafumba macho.

Akasubiri.

Kulikuwa na uchachu mwembamba, halafu harufu ya moshi, halafu pilipili iliyochelewa kufika na ikachelewa kuondoka. Alisubiri Otilia afuate nyuma yake. Hakufuata. Akachota tena, safari hii bila tortila, kwa kijiko. Akachota mara ya tatu. Ilikuwa mole, na pengine ilikuwa mole nzuri, lakini mkewe hakuwemo. Ilikuwa mole ya mtu asiyemjua.

Kwanza hofu ilimshika, hofu ya kweli, ya kukausha mate. Kisha, kwa kuwa hofu ni ngumu kuibeba, ikageuka hasira. Ndivyo tulivyo wanaume, na tukizeeka tunazidi.

"Umechanganya," akasema.

"Nini?"

"Umechanganya na ya kwako."

"Don Erasmo, nimekuapia jana ukiwa umesimama pale mlangoni."

"Uliapa, halafu ukachanganya! Toka jana ulitaka kuchanganya, ukanipigia hadithi za arusi na matanga, nikaenda zangu, ukatia sufuriani. Miaka miwili nimeitunza! Unadhani mimi mjinga? Unadhani mke wangu simjui?"

Mtu mmoja akapunguza sauti ya televisheni. Uso wa Doña Herminia ulikuwa umebadilika rangi.

"Miaka thelathini nalisha watu hapa," akasema polepole. "Hakuna aliyewahi kuniita mwongo ndani ya nyumba yangu."

"Basi leo umeitwa."

Loo! Lingekuwa jambo la heri kama mzee angeishia hapo. Angenyanyuka, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani na hasira zake, na sahani ingebaki mezani. Lakini hasira inataka kuonekana. Akainyanyua sahani kwa mikono miwili, mchuzi unacheza ukingoni, akaibwaga katikati ya meza ya waashi.

"Alitaka watu wale? Haya, kuleni! Ni ya Otilia wangu, amekufa leo miaka miwili. Muulizeni huyu mama, mole si ya mtu mmoja. Kuleni!"

Waashi wakatazamana. Nani angetaka kula sahani ya namna hiyo? Lakini chakula kinachotolewa kwa jina la marehemu hakikataliwi. Hilo pale mtaani halina mjadala. Ukikataa umemkataa maiti mwenyewe. Fundi Nabor akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mungu ampumzishe Doña Otilia," akasema.

"Ampumzishe," wakaitikia wenzake, na wakachana tortila.

Sahani moja kwa wanaume wanne waliokuwa juu ya jukwaa toka alfajiri! Walikula wameinamisha vichwa, haraka haraka, kwa aibu, kila mmoja akitaka jambo hilo liishe. Nyama ikagawanywa vipande vinne. Mchuzi ukapanguswa mara tatu, na sahani ikang'aa. Don Erasmo alikuwa amewapa mgongo, mkono mmoja ukutani, anahema.

Wenceslao alikuwa anajilamba kidole, akaacha ghafla.

"Hii si ya Doña Herminia," akasema.

"Nyamaza, wewe," akasema Fundi Nabor.

"Si yake, fundi. Tumetoka kuila ya kwake sasa hivi, sahani hii hapa. Ya hapa ina sukari sukari na karafuu. Hii ina uchachu. Hebu lamba."

Nabor akapitisha kipande cha tortila ukingoni mwa sahani, akatia mdomoni, akatafuna. Hakutaka kusema, ilionekana wazi hakutaka, lakini aliulizwa kwa macho na watu wa meza zote saba.

"Ni kweli," akasema. "Huu ni mkono mwingine."

Don Erasmo akageuka.

Doña Herminia hakusema "nilikuambia". Angeweza, na mimi ningekuwa yeye ningesema. Aliingia jikoni, akatoka na kijiko amekichovya kwenye sufuria kubwa, amekikinga kwa kiganja kisidondoke, akakipeleka mpaka midomoni mwa mzee kama anamlisha mgonjwa.

"Onja."

Akaonja.

Na hapo ndipo alipompata. Ule utamu mzito, ule weusi, ile karafuu inayokuja mwishoni kooni, ladha aliyotembea nayo miaka miwili, aliyolala nayo, aliyoiita Otilia kila usiku akivuta blanketi. Ilikuwa ndani ya kijiko cha Doña Herminia, imetoka sufuria ya Alhamisi. Aliila hapa, kwenye meza hiihii, Alhamisi baada ya Alhamisi. Siku za mwanzo aliila huku akinung'unika moyoni kwamba si kama ya mkewe. Halafu siku moja, asiyoijua ni ipi, akaacha kunung'unika. Ile ya mkewe ilikuwa imeondoka, na hii imekaa mahali pake, naye hakusikia hata mlango.

Machozi yakamtoka, na hakujifuta.

"Doña Herminia," akasema, "imebaki?"

"Nilikwangua yote, Don Erasmo. Ulisema sahani moja."

"Hata kwenye mwiko?"

"Mwiko nimeshauosha."

Akaitazama sahani pale katikati ya waashi. Weupe mtupu. Watu hawa walikuwa na njaa na heshima, na vyote viwili walivimaliza pale. Mzee aliinua mkono kana kwamba anataka kuigusa, akaona hakuna cha kugusa, akaurudisha.

"Nisamehe," akamwambia Doña Herminia.

"Kaa chini, Don Erasmo. Nitakuletea maji."

"Nimekuita mwongo mbele za watu."

"Umeniita. Kaa chini kwanza."

Lakini hakwenda kukaa kwenye meza yake. Alivuta kiti akakileta kwa waashi, wakasogea kumpisha, saruji ikimdondokea lile koti jeusi. Akakaa karibu na Wenceslao, karibu sana, akamshika mkono.

"Wewe umeitambua," akasema. "Wewe una ulimi. Hebu niambie ilikuwaje."

"Nini, Don?"

"Mole ile. Niambie ladha yake. Taratibu, usiache kitu."

Wenceslao akawatazama wenzake. Fundi Nabor aligeuzia macho kofia yake. Hakuna aliyemsaidia.

"Ilikuwa na uchachu, Don."

"Uchachu ulinifika hata mimi. Uchachu wa nini? Wa nyanya? Wa tunda?"

"Sijui, Don. Wa tunda labda."

"Tunda gani? Na baada ya uchachu? Kulikuwa na mdalasini? Otilia alikuwa na kitu alichokitia mwishoni, hakuniambia kamwe, alinicheka tu. Ulikisikia? Fumba macho. Fumba, mwanangu, ujaribu."

Wenceslao akafumba macho. Jitu zima lile, linalobeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, likakaa limefumba macho mbele ya watu, midomo inachezacheza, inatafuta. Mzee alikuwa amemkazia macho, hapepesi, kiganja chake kimeung'ang'ania ule mkono.

Wenceslao akafumbua macho. Yalikuwa yamelowa.

"Nisamehe, Don Erasmo," akasema. "Nilikuwa na njaa. Nilikula haraka."