Meno ya Wapiga Tarumbeta

Babu alikuwa mwana wa mkuu wa bendi na mjukuu wa mpiga tarumbeta ambaye hata mahakimu walimvulia kofia. Watu waadilifu, wasiochelewa mazoezi, wote wenye meno ya juu yaliyotokeza kama paa la baraza. Nyumbani mwao iliaminika kwamba meno hayo ndiyo siri ya mlio wao. Basi mjukuu wake, mwanamke mzima na mpiga tarumbeta wa bendi ya mji, alipotangaza kwamba atayarekebisha, Babu aliweka kikombe chini.

"Unataka kuung'oa urithi?"

"Siung'oi, naurudisha nyuma tu. Nikipuliza, mdomo unachanika. Nameza damu nyingi kuliko chai."

"Mimi nimepuliza maisha yangu yote kwa meno haya haya."

"Ndiyo maana mdomo wako una kovu, mume wangu," mjukuu alimtania.

Babu akamsindikiza hospitali shingo upande. Daktari alishika mfano wa taya uliofinyangwa kwa plasta, akaeleza kwamba mfupa wa mtu mzima ni mgumu. Angeuchanja kidogo penye mizizi ya meno, kisha nyaya ziyavute meno nyuma upesi, mfupa ukiwa bado unajiunga.

"Na mlio?" Babu aliuliza.

"Mlio siujui, mzee. Ninachojua ni mifupa."

Unyoofu huo ulimpendeza.

Nyaya zilipotolewa, meno yalikuwa yamekaa sawasawa, lakini tarumbeta lililia kama mbuzi. Midomo haikujua tena mahali pa kushika. Mkuu wa bendi akasema wazi: mwisho wa mwezi atamsikiliza, na akishindwa, nafasi yake apewe mwingine. Mjukuu akalifungia tarumbeta sandukuni.

"Litoe," Babu aliamuru. "Meno umeyahamisha, sasa hamisha na mazoea. Sauti moja, ndefu."

"Midomo inawaka moto, Babu."

"Ipoze kwa maji, kisha urudi hapa. Tena!"

Kila asubuhi ikawa hivyo, hata majirani wakaacha kuweka saa za kuwaamsha.

Siku ilipofika, mjukuu alisimama ukumbini mbele ya bendi nzima. Sauti ya kwanza ilitoka safi, pana, ikapanda hadi darini. Mkuu wa bendi akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Babu, kifua mbele, aliwageukia wapigaji chipukizi waliokuwa wakinong'ona nyuma yake.

"Nyinyi vijana, nyamazeni! Huyo ni mjukuu wangu. Kaeni wima, msikilize."