Tundu Lisilo na Taa

"...hata mkinitilia sumu mchuzini, Fawaz hatakuwa msemaji wa posa ya mwanangu," alisema Mama Mutasim, akimalizia sentensi aliyoianza wiki iliyopita. "Yule akifungua mdomo watu hudhani anaomba maji ya kunywa."

"Ni ndugu yako mwenyewe, mama," alisema Mutasim.

"Ndiyo maana namjua."

"Leo nina mtihani," alisema Rudaina, mke wa Mutasim.

Alikuwa nao hapo hapo jikoni, akikoroga sufuria ya jamidi, yale maziwa makavu yaliyolowekwa tangu jana kwa ajili ya mansafu, wali na nyama wa wageni. Wanaume wa ukoo walikuwa wanatoka Ajlun kuja kula kwanza, kisha waende wote kumposea Ghaith, mdogo wa Mutasim. Ghaith mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha anajifunza kumimina kahawa bila kumwaga.

"Mtihani wangu ni leo saa sita, Amman," alisema tena Rudaina. "Basi linaondoka saa mbili."

Hakuna aliyegeuka.

Ugomvi wa mama na mwana ulikuwa umekatika tangu wiki iliyopita kwa sababu ya mazoezi ya Rudaina. Rudaina alikuwa na swichi kuukuu ya mtandao, kisanduku cha matundu ya kuunganishia kompyuta, aliyoinunua kwenye soko la mitumba, akaiweka juu ya friji. Kila siku, vyombo vikishaoshwa, alifanya mafumbo ya kitabu cha mtihani: ofisi hii haiwasiliani na ile, tafuta kosa, ofisi hizi mbili hazitakiwi kusikiana, zitenganishe. Kitabu kiliziita ofisi Alifu na Be. Yeye alizichanganya kila mara, basi akabandika plasta kwenye nyaya na kuandika majina ya watu wa nyumbani. Siku alipotenganisha waya wa mama mkwe na wa Mutasim, wale wawili waliacha kusikiana. Waliendelea kula sinia moja, wakapitishiana mkate, kila mmoja akigombana na hewa mpaka akachoka. Ghaith alisema hajawahi kula chakula kikiwa bado cha moto namna ile. Jirani wa chini, Baba Haitham, alipanda na bakuli la zeituni akaomba atenganishwe na shemeji yake hadi Idi. Rudaina akamtenganisha. Yalikuwa mazoezi mazuri.

Asubuhi hii, kwa kuwa ni siku ya posa, alikuwa amewaunganisha tena mama na mwana, na ugomvi ukaendelea pale pale ulipokatikia.

"Chumvi," alisema Mutasim. Rudaina akampa. Akaipokea bila kutazama mkono ulioileta.

Kitabu kinasema: ujumbe usipofika, anza chini kabisa, anza na waya, kisha panda. Rudaina aliendelea kukoroga kwa mkono wa kulia, maana jamidi haiachwi mpaka ichemke, la sivyo hukatika, na hukorogwa upande mmoja tu. Kwa mkono wa kushoto akavuta waya wenye jina lake. Aliuchomeka siku ya kwanza na hakuutazama tena. Matundu ya wengine yote yalikuwa na taa ya kijani. Lake lilikuwa giza. Akabadilisha waya, giza. Akauhamishia tundu lililokuwa linawaka, na hilo nalo likazimika.

Basi akafungua kompyuta yake juu ya kasha la mkate na kuiuliza swichi. Swichi ikajibu kwamba tundu ni zima. Limefungwa kwa amri. Ilitaja na siku: ni ile aliyoletwa nyumba hii kwa vigelegele na ngoma, wakati swichi yenyewe ilikuwa bado ukutani kwenye ofisi fulani na hawajaonana. Mahali pa jina la aliyetoa amri paliandikwa, "mpangilio wa asili."

Rudaina aliisoma mara moja. Akaandika amri ya kulifungua. Taa ikawa ya manjano kwanza, kama ilivyo kawaida yake, halafu kijani.

"Leo nina mtihani," alisema.

Wote watatu wakageuka.

"Sasa mbona unapiga kelele?" alisema Mama Mutasim. "Sisi si viziwi."

"Mtihani gani?" aliuliza Mutasim.

Akawaeleza. Hospitali inataka mtu wa kutunza mtandao wake, na imemkubali, lakini inataka cheti kesho Jumapili, la sivyo kazi anapewa aliyemfuatia. Kiti chake cha mtihani ni cha leo na hakihamishwi. Mchuzi uko karibu kuchemka, nyama imeiva, wali hata Ghaith anaweza kuupika.

"Hospitali," alisema Mutasim, akirudia ili ahakikishe. "Cheti. Leo saa sita."

"Ndiyo."

"Nimekusikia, mke wangu. Vizuri kabisa. Sasa koroga."

"Binti wa watu," alisema Mama Mutasim, "Ajlun nzima inakuja kula hapa. Mtihani hauna mwakani?"

"Shemeji, mimi naoa mara moja tu," alisema Ghaith.

"Baba yako naye alisema hivyo hivyo," alisema mama yake.

Rudaina alichukua kikombe kimoja kati ya vile alivyomimina Ghaith. Akakiweka mezani mbele ya mumewe, kama wanaume wanavyofanya wakienda kuomba jambo zito.

"Kahawa yangu ni hiyo," alisema. "Siinywi mpaka nipewe haja yangu."

Kila mtu jikoni alijua maana yake. Mzee wa posa angekifanya kitendo hicho hicho alasiri ile, na baba wa binti angemwambia, kunywa, umepewa. Mutasim alikitazama kikombe, kisha akamtazama mama yake.

"Basi itapoa," alisema Mama Mutasim.

Mutasim akacheka. Hakuwa na ubaya. Akarudi kwenye habari ya Fawaz.

Kile kitabu kilikuwa na sura nyingi kuhusu ujumbe usiofika. Rudaina alikuwa amezisoma zote. Hakikuwa na hata ukurasa mmoja kuhusu ujumbe uliofika.

Akatoa mwiko mchuzini akaulaza juu ya kifuniko. Akaandika ile amri ya kufunga, neno kwa neno kama ilivyokuwa, na taa ya tundu lake ikazimika. Akatoa mkoba wake nyuma ya mlango, akahakikisha kitambulisho kimo, akavaa viatu. Ghaith alikuwa amenyoosha miguu. Akaikunja ili apite, kama mtu anavyokunja miguu akihisi upepo wa mlangoni, na hakuinua macho.

Kwenye ngazi alimsikia mama mkwe akiuliza ni nani aliyeacha kahawa baridi juu ya meza yake. Hakuna aliyejua. Harufu ya jamidi iliyokatika ilimfikia akiwa mbele ya mlango wa Baba Haitham. Akaendelea kushuka, na wakati anafungua lango la nje, kule juu walikuwa wanaulizana ni nani aliyekuwa anakoroga.