Boriti Zilizolala

"Nyekundu tena," alisema Mevlida, akavua miwani ili asiione.

Hata bila miwani ilikuwa nyekundu. Kwenye skrini, daraja la waenda kwa miguu la mtaa wa wachimba makaa lilikuwa limebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na boriti zake zote zilikuwa na rangi ya hatari. Mhandisi Teufik, mkuu wa ofisi, alisimama nyuma yake akitafuna mkate bila kusema neno. Teufik akila kimya, ujue mambo yameharibika.

"Kwa hiyo linabomolewa?" Mevlida aliuliza.

"Halmashauri inataka ripoti wiki hii. Nikiandika hivi, ndiyo, litabomolewa. Na la kujenga mahali pake hawana."

Mevlida alilijua hilo kuliko yeye. Alikaa ng'ambo ya mto Bosna pamoja na mama yake, Hajrija. Dada mkubwa wa mama, Zumreta, alikaa upande wa mjini, karibu kabisa na daraja. Tangu wafiwe na waume zao, ajuza hao wawili walikunywa kahawa kwa Zumreta kila asubuhi, wakigombana kuanzia finjani ya kwanza hadi ya mwisho. Halmashauri ilipolifunga daraja ili likaguliwe, njia iliyobaki ilikuwa barabara kuu, mbali, kwa basi lenye ngazi ambazo magoti ya Hajrija yalizikataa katakata. Zumreta naye hakwenda hata dukani bila fimbo.

Chuma cha daraja lile kilitoka kwenye tanuri za mji wao wenyewe, Zenica, enzi za Yugoslavia, na programu ya usanifu haikuzijua boriti za kizamani namna hiyo. Ndiyo maana Mevlida, mchoraji wa ofisi, alikuwa ameinamia kitabu cha zamani cha majedwali ya chuma siku nzima iliyotangulia, akinakili vipimo vya kila boriti kwenye faili, kisha akaliingiza faili kwenye programu. Lilipokelewa bila kikwazo. Programu haina tabia ya kuuliza maswali. Ukiipa chochote, inameza.

Mchana hakuweza kula. Alikwenda mtoni, na kabla hajafika alisikia kelele. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha ng'ambo, na mama mkubwa kwenye kizuizi cha huku, wakipigiana makelele juu ya maji.

"Umekula, Zumreta?"

"Nitakulaje na sura yako iko huko?"

"Si ulikuwa unasema nakumalizia sukari!"

"Sasa kopo limejaa! Nalifanyia nini kopo limejaa?"

Zumreta aliketi juu ya jiwe, akageuza uso upande wa mjini ili mdogo wake asimwone akijifuta macho. Mevlida alimwona. Moyo ulimuuma hata akashindwa kumwamkia, akajishikiza kwenye kizuizi na kujifanya anakagua daraja.

Hapo ndipo alipoangalia. Alishusha jicho usawa wa reli ya mkono na kuifuata mpaka ng'ambo. Ilikuwa imenyooka. Kwenye skrini daraja lilibonyea kwa uzito wake lenyewe, likiwa tupu, kiasi cha kuonekana na mtoto mdogo. Hili la kweli lilikuwa limebeba theluji ya majira yote ya baridi, nayo hakuna aliyeikwangua, na lilikuwa halijapinda.

Alirudi ofisini mbio, akaomba msamaha kwa watu aliowapiga vikumbo, akafungua faili lake. Boriti ina nguvu mbili: ukiisimamisha wima inabeba, ukiilaza ubavu inapinda, kama ubao wowote. Kitabu kile cha majedwali, kilichotungwa nchini, kiliziandika nguvu hizo kwa mpangilio wake, na programu ya ugenini ilizisoma kwa mpangilio mwingine. Yeye alikuwa amenakili kama alivyozoea maisha yake yote ya kazi. Daraja zima alikuwa amelilaza ubavu.

Alizibadilisha nafasi zile safu mbili, akaliingiza faili upya. Kijani. Akaruka kwenye kiti, kisha akaondoa mikono yake juu ya kibodi taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

"Teufik, njoo. Usiniamini."

"Kwa nini nisikuamini?"

"Kwa sababu nalitaka mno hili jibu. Yule ni mama yangu. Funga kompyuta, hesabu kwa mkono, na mimi nisiwepo."

Teufik alimtazama, akaweka mkate wake chini. "Nenda kachemshe kahawa," alisema kwa upole. "Usirudi mpaka nikuite."

Kahawa ilichemka, ikapoa, akachemsha nyingine. Ndipo alipoitwa.

"Boriti moja karibu na ukingo imeliwa na kutu, tutaichomelea bamba," alisema Teufik. "Hizo nyingine zitatuzika sisi sote. Zilikuwa zimesimama, Mevlida. Wewe ndiye uliyezilaza."

Bamba lilichomelewa, karatasi zikasainiwa, na asubuhi moja yenye ukungu vizuizi viliondolewa. Hajrija alifika mwanzoni mwa daraja na kilemba chake kizuri, akashika nguzo, akakwama.

"Sipiti."

"Mama, limepimwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Na Teufik."

"Si wewe uliyekuja nyumbani ukasema limekwisha, ukalia juu ya supu yangu? Leo limepona?"

"Nilikosea, mama."

"Basi na leo unaweza kukosea." Hajrija aliyatazama maji. "Baba yako alikuwa akisema, zamani mjenzi alisimama chini ya daraja lake siku ya kwanza, watu wakapita juu. Huyo ndiye mtu wa kumwamini."

Alisema hivyo kutafuta kisingizio tu, lakini Mevlida alikuwa ameshaanza kuteremka ukingoni, akijishikiza kwenye majani, viatu vya ofisini vikizama matopeni.

"We mtoto! Nilikuwa nasema tu! Rudi, utaumwa kifua!"

"Pita, mama!"

Chini ya daraja kulinuka kutu na rangi mbichi. Mevlida aliinua mkono, akaweka kiganja kwenye boriti ya kwanza. Aliogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Juu yake alisikia hatua moja. Halafu kimya. Halafu nyingine. Kutoka mbali, upande wa mjini, fimbo ilianza kugonga mbao, haraka kuliko umri wa mwenyewe, na chuma kikatetemeka kidogo sana kiganjani mwake. Hajrija alikuwa bado hajafika popote. Zumreta ndiye aliyekuja karibu daraja zima.

Hatua zilisimama juu ya kichwa chake.

"Umekonda," ilisema sauti ya mama yake.

"Wewe ndiye uliyekonda."

Kisha fimbo ilianguka juu ya mbao, na hakuna aliyeinama kuiokota.